Kabla ya TIN: Karatasi za Kodi za Watu Waliojiajiri

Serikali ya Wajerumani ilipoanza kudai kodi katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika, haikumuuliza mtu jina lake. Ilihesabu nyumba. Amri iliyotolewa Novemba 1897, wakati Gavana akiwa Eduard von Liebert, ilitaka kila nyumba ilipiwe, kwa kawaida rupia 3 kwa nyumba ya shamba na zaidi ya hapo mjini. Akida, ofisa wa eneo, alipita na askari, jumbe, mkuu wa kijiji, akaonyesha nyumba zilipo, na asiyekuwa na fedha akatoa mazao au akapelekwa kufanya kazi. Aliyelipa akabaki na karatasi.

Karatasi hiyo ndiyo mwanzo wa habari ndefu inayomfikia leo fundi cherehani wa Mbeya au mwendesha bodaboda wa Tabata anayehangaika kuitafuta namba yake ya mlipakodi. Mtu wa mshahara huwa na wa kumsemea: mwajiri anamkata, anapeleka, anaandika. Mkulima, mvuvi, seremala na mchuuzi hawana mtu huyo. Kwa zaidi ya miaka mia moja, ushahidi wa kwamba wamelipa ulikuwa mfukoni mwao wenyewe, na ulipopotea, malipo nayo yalihesabika kuwa hayakufanyika.

Kodi ya nyumba ilikuwa na kasoro iliyoonekana mapema. Watu walibanana, familia mbili tatu zikalala chini ya paa moja, na idadi ya nyumba za kulipiwa ikapungua. Mwaka 1905 Wajerumani wakabadili utaratibu: mwanamume mzima asiyelipia nyumba naye akadaiwa rupia 3, tena fedha taslimu. Mwaka huohuo, mwezi Julai, Wamatumbi waling'oa pamba Nandete na Vita vya Maji Maji vikaanza. Sababu zake zilikuwa nyingi: pamba ya kulazimishwa, viboko, dharau ya maakida. Lakini kodi ilikuwemo, na iliwauma zaidi watu waliokuwa wakiishi kwa jembe lao bila kushika rupia kwa miezi mingi.

Waingereza walipochukua nchi, walilihifadhi wazo lile na kulipangilia upya katika sheria ya kodi ya nyumba na kichwa ya mwaka 1922. Mlipaji bado alikuwa kichwa kimoja katika hesabu ya jumbe, na bado alitembea na stakabadhi. Nchini Kenya mambo yalikuwa mazito zaidi. Juu ya kodi ya nyumba, serikali ya kikoloni ilileta kipande, ambacho kilianza kutumika kwa ukamilifu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alivaa shingoni kikasha cha bati chenye karatasi iliyoandikwa jina lake, alama za vidole na waajiri aliowatumikia. Mwanaharakati Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, miongoni mwa malalamiko aliyokuwa akiyatangaza yalikuwa kipande na kupanda kwa kodi. Ukikitazama kipande kwa makini utaona kilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyeajiriwa. Nafasi zote zilikuwa za bwana fulani kuandika lini kamchukua na lini kamwachia. Aliyejitegemea kwa shamba au biashara yake hakuwa na wa kumjazia.

Huko Tanganyika, Wapare walilijua tatizo la mtu anayejitegemea kuliko wengi. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, uongozi wa wilaya pamoja na machifu ulianzisha kodi ya kupanda na kushuka kwa kadiri ya mali. Kwa nadharia lilikuwa jambo la haki, kwamba mwenye nacho alipe zaidi. Utekelezaji wake ndio ulioleta balaa. Ili kujua nani ana nini, ilibidi watu wapite nyumba kwa nyumba kukadiria ng'ombe, migomba, mibuni na mapato ya mtu ambaye hakuwahi kuandika hesabu. Majirani waliofanana kwa mali walijikuta na kodi tofauti, na hapakuwa na mahali pa kueleweka pa kupeleka malalamiko.

Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani hadi Same, makao ya wilaya, wakakaa pale kudai kodi hiyo iondolewe. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Paulo Mashambo. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi walijitokeza nao kumkabili mkuu wa wilaya, wakieleza kwamba waume zao hawapo nyumbani na mashamba yanaharibika. Harakati hiyo inajulikana kwa jina la Mbiru, na mwanahistoria Isaria Kimambo aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1971. Hatimaye kodi ile ikaachwa. Kumbukumbu hii inastahili kusomwa na kila ofisa anayekadiria biashara za watu leo, kwa kuwa Wapare walikuwa wamelipa kodi kwa miaka mingi kabla ya hapo. Walichokikataa ni kupimwa kwa jicho.

Wakati huohuo kulikuwa na mfumo wa pili, wa watu wachache. Kodi ya mapato ilianza Kenya mwaka 1937 na Tanganyika mwaka 1940, na kwa vitendo iliwagusa zaidi Wazungu na Waasia: wenye mashamba makubwa, wenye maduka, mawakili. Hao walikuwa na majalada. Baadaye kodi hiyo ikasimamiwa kwa pamoja na idara moja ya Afrika Mashariki nzima, hadi ushirikiano ulipolegea na kila nchi ikatunga sheria yake katika miaka ya 1970. Tanzania ikawa na Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1973. Kwa hiyo mwenye duka alikuwa na kumbukumbu yake ofisini, ambayo ofisa angeweza kuifungua na kuisoma, huku muuza vitumbua akiwa na karatasi yake tu.

Kodi ya kichwa ilifutwa Tanzania mwaka 1969, na serikali ikaegemea kodi ya mauzo. Nafuu hiyo haikudumu. Serikali za mitaa ziliporudishwa katika miaka ya 1980, zilirudi na kodi ya maendeleo, ambayo wananchi waliitambua mara moja kuwa ni kodi ya kichwa ileile. Katika kipindi hicho pia ilipitishwa Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, iliyomtaka kila mtu mwenye uwezo aonyeshe kazi anayoifanya. Dar es Salaam watu walikamatwa barabarani kwa kukosa cha kuonyesha. Ili wachuuzi wasihesabiwe kuwa wazururaji, zikatolewa leseni za nguvukazi. Mtu aliyeamka alfajiri kwenda kuchukua samaki katika soko la Feri, akauza hadi jua linazama, alihitaji karatasi ya kuthibitisha kwamba anafanya kazi.

Wanaokumbuka kodi ya maendeleo hukumbuka vizuizi. Mgambo walisimama njiani, hasa siku za mnada na soko, wakaomba stakabadhi ya mwaka huo. Wapo waliokimbilia porini. Wapo waliolala nje ya nyumba zao msimu wa makusanyo. Na wapo waliokuwa wamelipa kweli, ila stakabadhi iliachwa kwenye shati jingine, au ililoa mvua, au iliteketea pamoja na nyumba. Hao ndio wanaouma moyo zaidi, kwa kuwa halmashauri nyingi hazikuwa na daftari ambalo mgambo angelifungua njiani na kuona jina la mtu. Uganda ilikuwa na kisa kinachofanana na hicho, ambako mwanamume asiye na tiketi ya kodi ya kichwa aliweza kuishia korokoroni. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2005. Tanzania ilitangulia. Mwaka 2003, Basil Mramba akiwa Waziri wa Fedha, kodi ya maendeleo ilifutwa pamoja na utitiri wa kodi ndogondogo, na leseni ya nguvukazi nayo ikaondoka.

Kufikia hapo chombo kingine kilikuwa kimeshasimama. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 1996, mwaka mmoja baada ya mamlaka ya mapato ya Kenya, KRA. Iliunganisha idara za kodi ya mapato, forodha na kodi ya mauzo, ambazo kila moja ilimjua mfanyabiashara kwa njia yake. Mtu aliyeagiza mzigo bandarini alikuwa mmoja, ila ofisini akawa watu watatu. Kenya ilikuwa imeshaanza kuwapa walipakodi wake namba ya utambulisho, PIN, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tanzania ikaja na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, ambayo mtaani hakuna anayeitaja hivyo: ni TIN, au "tini namba".

TIN ni tarakimu 9, kwa kawaida zikiandikwa tatu tatu. Hutolewa bure. Mtu hupewa moja tu kwa maisha yake yote, hata akifunga genge akafungua saluni, akahama Moshi kwenda Songea. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka anayeanza biashara aiombe ndani ya siku 15. Lakini badiliko kubwa halimo katika masharti hayo. Kwa mara ya kwanza hata mchuuzi mdogo aliyejiajiri ana kumbukumbu inayokaa upande wa serikali kwa jina lake, pamoja na alama za vidole vyake. Cheti kikiliwa na mchwa, namba haijafa.

Hii ndiyo sababu kutafuta TIN iliyosahaulika ni kazi nyepesi kuliko watu wengi wanavyodhani, na ni makosa kukimbilia kuomba nyingine. Mwenye mashine ya risiti za kielektroniki, EFD, anayo tayari mkononi: kila risiti anayompa mteja imechapwa TIN ya muuzaji, kwa hiyo hata nakala ya mauzo ya mwaka juzi inatosha. Namba imo pia katika cheti cha kutokuwa na deni la kodi, kile ambacho mtu hutakiwa kukionyesha anapokata leseni ya biashara, na katika barua yoyote ya makadirio. Asiye na karatasi hata moja huenda ofisi ya TRA iliyo karibu akiwa na namba yake ya kitambulisho cha taifa, NIDA, ile ya tarakimu 20 inayoanza na tarehe ya kuzaliwa, na ofisa humpata kwa hiyo au kwa vidole vyake.

Kuna kundi ambalo hushangaa kuambiwa kwamba namba wanayo. Ni madereva na waendesha bodaboda. Leseni ya udereva huombwa kwa TIN, na wengi walipewa TIN isiyo ya biashara siku walipoifuatilia leseni, wakaweka kikaratasi kabatini na kukisahau. Kijana huyo akianza kubeba abiria kwa pikipiki yake mwenyewe, hatakiwi kusajiliwa upya. Anahitaji kwenda kuibadili namba ileile iwe ya biashara.

Desemba 10, 2018 historia ilipinda kidogo. Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wafanyabiashara wadogo. Machinga au mama lishe mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka alilipa shilingi 20,000, akavaa kadi yake, na mgambo hawakutakiwa kumbughudhi tena. Kwa watu waliozoea kukimbia na meza zao vichwani, lilikuwa jambo kubwa na walilishukuru kwa dhati. Ila kadi za kwanza hazikuwa na jina wala picha ya mwenye nayo. Zilifanya kazi ya stakabadhi ya akida: ulinzi upo kadi ikiwepo, na ikipotea hakuna pa kwenda kuonyesha kwamba uliwahi kulipia. Kosa hilo lilirekebishwa katika kadi zilizofuata, na lilipaswa kurekebishwa. Mama aliyelipa 20,000 kutoka kwenye faida ya maandazi anastahili kuandikwa jina.

Bajeti ya Juni 2022 ilijaribu kuziba pengo kwa upande wa pili. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, alipendekeza kila Mtanzania mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, mwenye namba ya NIDA, atambuliwe pia kama mlipakodi. Wengi waliogopa, wakidhani kwamba kupewa namba ni kudaiwa. Namba pekee haidai kitu. Kinachodaiwa ni mapato, na chini ya shilingi milioni 4 za mauzo kwa mwaka mfanyabiashara mdogo anayetozwa kwa mfumo wa makadirio hana kodi ya mapato ya kulipa.

Linalobaki ni lile la Upare: nani anapima, na kwa kitu gani. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye duka anayeuza milioni 5 kwa mwaka, akiwa na daftari la mauzo, hutozwa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4, yaani shilingi 30,000. Asiye na daftari hulipa 100,000. Tofauti hiyo ya 70,000 ni bei ya kutoandika. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kukutana nao Mnazi Mmoja, hawakulalamikia kuwa na TIN. Walilalamikia kamatakamata na namna wanavyotozwa. Sheria inampa mlipakodi siku 30 za kupinga kadirio kwa maandishi tangu alipoletewa, ingawa inamdai atangulize sehemu ya fedha, ama theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichobishania, kile kilicho kikubwa. Kwa mwenye genge theluthi hiyo inaweza kuwa mtaji wake wote wa wiki, na ni pale, katika sharti la kulipa kwanza ndipo usikilizwe, ambapo sheria bado inamwelemea mtu anayejiajiri.