Mizani ya Insha na Ushahidi wa Kagunga

Alama inayotiwa juu ya insha ya mwanafunzi ni ndogo kwa macho lakini ni kubwa kwa matokeo. Hujenga daraja la shahada, na daraja hufungua au hufunga mlango wa masomo ya juu na wa kazi. Kwa hiyo yafaa tuulize mizani hii ilitoka wapi, na kama inaweza kupima kila mzigo uwekwao juu yake.

Ilitoka London. Tangu mwaka 1949 wanafunzi wa Makerere walitahiniwa kwa shahada za Chuo Kikuu cha London, na watahini wa huko walishiriki katika kutunga maswali na kusahihisha majibu. Chuo cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa Oktoba 1961 kwa masomo ya sheria, kiliingia katika utaratibu uo huo. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliungana kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, hata mwaka 1970 kila kimoja kikasimama peke yake. Mamlaka yalihama, lakini desturi ya mtahini wa nje ilibaki. Desturi hiyo ina manufaa, maana mwalimu hawi hakimu pekee wa mwanafunzi wake.

Walakini katika historia palikuwa na kasoro. Aghalabu maandishi yalihesabiwa ushahidi, na neno la mdomo likahesabiwa uvumi. Mwaka 1961 Jan Vansina alichapisha kitabu juu ya mapokeo ya mdomo, akaonyesha kuwa nayo yana kanuni za kuchunguzwa. Mwaka 1969 Isaria Kimambo wa Dar es Salaam akatoa historia ya siasa ya Wapare iliyotegemea mapokeo hayo. Watafiti walikubali. Je, kalamu ya msahihishaji nayo imekubali?

Tutazame Kagunga, kijiji cha kaskazini ya Kigoma karibu na mpaka wa Burundi, chenye Ziwa Tanganyika mbele na milima mikali nyuma. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafuata mwambao huo hata mdomo wa mto Rusizi. Kitabu cha Stanley cha mwaka 1872 kimo maktabani, nacho ni neno la mpita njia. Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, kipindupindu kikazuka, na meli ya Liemba ikawachukua kwenda Kigoma. Ripoti zilihesabu watu. Mwenyeji aliyewaona wakifika ana ushahidi wa namna nyingine.

Tuseme wanafunzi wawili wanaandika juu ya mwaka huo. Wa kwanza anataja ripoti tu. Wa pili anataja wazee tu, waliosema Kiha, naye akawafasiri kwa Kiswahili. Kumtuza wa kwanza kwa wingi wa tanbihi ni dhuluma. Kumtuza wa pili kwa kuwa amezaliwa huko ni dhuluma pia. Swali ni moja kwa wote wawili: ushahidi umepimwa? Nani alisema, lini, na alijuaje? Mashahidi wanapingana wapi? Je, hitimisho limevuka mpaka wa ushahidi wenyewe?

Hapana budi kukiri uzito mmoja. Msahihishaji aweza kuliendea kabati la vitabu, lakini hawezi kwenda Kagunga kwa kila insha. Basi mwanafunzi na aonyeshe mahali na siku ya mazungumzo, na aandike maneno ya Kiha kando ya tafsiri yake, ili msahihishaji wa pili ajuaye lugha hiyo aweze kuyakagua. Kazi hiyo ni ya kitaalamu kama kusoma kitabu, nayo istahili alama zake.

Pale ambapo A huanzia 70, mwanafunzi aliyepata 69 ana haki ya kujua alipopungukiwa. Kwa hiyo kanuni hizi ziandikwe, naye azipokee kabla hajashika kalamu.