Kukiri Imani na Kuungama Dhambi: Wapresbiteri wa Rwanda kabla na baada ya 1994

Katika mazoea ya kanisa, Kiswahili hupenda kutenga vitenzi viwili: muumini hukiri imani na huungama dhambi. Historia ya Wapresbiteri wa Rwanda inaonyesha kwamba tendo la kwanza hupwaya pasipo la pili.

Mwaka 1907 misheni ya Bethel kutoka Bielefeld, Ujerumani, ilianza kazi Zinga, kisha Kirinda na Rubengera, kaskazini mwa Cyangugu. Mwaka 1921 Waprotestanti wa Ubelgiji waliipokea kazi hiyo, na kanisa likajitegemea mwaka 1959. Huko Bethel kwenyewe, Agosti 1933, Dietrich Bonhoeffer na wenzake waliandika ungamo la imani lililogusa mateso ya Wayahudi. Rasimu ilipopunguzwa makali, Bonhoeffer alikataa kuitia saini. Ungamo la Barmen lilifuata mwaka 1934, likikataa mamlaka ya dola juu ya dhamiri ya kanisa. Imani iliyoandikwa, basi, ilihitaji ujasiri wa kuitekeleza.

Ujasiri huo ulipimwa tena mwaka 1994. Mtafiti Timothy Longman alilinganisha Kirinda na Biguhu, parokia mbili za kanisa lile lile. Kirinda viongozi wa kanisa walifungamana na wenye mamlaka. Biguhu kanisa lilielemea wanyonge. Imani iliyokiriwa ilikuwa moja, mwenendo ukatofautiana. Julai mwaka huo, umati ulivuka mto Rusizi kuelekea Bukavu, waliohusika na mauaji wakichanganyika na raia wa kawaida, na suala la hatia likavuka mpaka wa Rusizi I pamoja nao.

Desemba 1996, Wakristo Wahutu, Watutsi na wa nchi za Magharibi walikutana Detmold, si mbali na Bielefeld, wakaombana msamaha kwa maandishi. Tamko hilo lilipingwa na baadhi ya Wanyarwanda, waliohofia kubebesha kundi zima hatia ya watu binafsi. Hofu hiyo ina uzito. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, zilimtaka mkosaji aeleze tendo lake na kuwataja washirika. Ungamo la jumla halimtaji yeyote.

Kwa washauri wa sera, funzo ni kwamba maungamo ya taasisi yasihesabiwe kuwa mbadala wa ukweli wa mtu mmoja mmoja. Thamani yake huonekana pale yanapomfungulia mkosaji njia ya kusema alichotenda, na aliyenusurika nafasi ya kusikilizwa.