Kutoka Kaya hadi Kidakuzi: Historia ya Kupima Ufikiaji wa Hadhira Lengwa katika Matangazo ya Kidijitali, Marekani 1994–2024

Tarehe 27 Oktoba 1994, jarida la mtandaoni la HotWired lilianza kuonyesha matangazo ya bango yaliyolipiwa na kampuni kadhaa, miongoni mwao kampuni ya simu ya AT&T. Waandishi wengi wa historia ya biashara huihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa utangazaji wa kidijitali. Ahadi iliyoambatana nao ilikuwa kubwa: mwenye bidhaa angeweza kujua hasa ni nani aliyefikiwa na tangazo lake. Ahadi hiyo ilijibu lalamiko la zamani, ambalo kwa kawaida huhusishwa na mfanyabiashara wa Philadelphia, John Wanamaker, ingawa wengine hulihusisha na Lord Leverhulme wa Uingereza, kwamba nusu ya fedha za matangazo hupotea bure ila haijulikani ni nusu ipi. Makala haya yanafuatilia yaliyoipata ahadi hiyo katika miongo mitatu. Hoja yake ni kwamba, katika suala la kumtambua mtu aliyefikiwa, mtandao haukuanzia pale ambapo televisheni ilikuwa imefika, bali ulianzia nyuma. Televisheni ilikwisha kujifunza, kwa gharama na kwa taabu, kumtofautisha mtu na kaya yake. Mtandao ulirudi kuhesabu vyombo, kisha ukaviita watu.

Historia ya awali inaweza kuelezwa kwa ufupi. Mwaka 1930 Archibald Crossley alianza kupima wasikilizaji wa redio kwa kuwapigia watu simu na kuwauliza walisikiliza nini siku iliyotangulia. Dosari yake ilionekana mapema: nyumba isiyo na simu haikuwa na sauti katika takwimu zake. Kampuni ya Arthur Nielsen ilifunga kifaa ndani ya redio, na kuanzia mwaka 1950 ikahamishia upimaji huo kwenye televisheni. Kifaa hakikusahau wala kudanganya, lakini kilijua jambo moja tu, kwamba televisheni imewashwa na imefunguliwa stesheni fulani. Hakikujua kama anayeitazama ni baba, binti au hakuna mtu kabisa. Suluhisho lililoenea Marekani mwaka 1987 lilikuwa kifaa chenye vitufe, ambapo kila mwanakaya alibonyeza chake alipoketi kutazama. Kwa mtazamo wa leo njia hiyo huonekana ya kizamani. Hata hivyo ilikuwa na sifa moja ambayo vipimo vingi vilivyoifuata vilikosa: mtu mwenyewe ndiye aliyetoa ushahidi wa kuwapo kwake.

Mtandao ulipokuja, kipimo cha kwanza kilikuwa daftari la seva, yaani orodha ya maombi yote yanayopokelewa na kompyuta inayohifadhi tovuti. Kila faili lililoombwa lilihesabiwa, hivyo ukurasa wenye picha kumi ungeweza kuandikwa kuwa maombi kumi na moja ingawa msomaji alikuwa mmoja. Hesabu hizo zilikuwa kubwa na ziliwafurahisha wenye tovuti. Mwaka huohuo wa 1994, Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni kidakuzi, faili dogo linaloachwa na tovuti katika kivinjari ili itambue kwamba kivinjari kilekile kimerudi. Kusudi lake la awali lilikuwa la kawaida kabisa: duka la mtandaoni lisisahau kilichomo katika kikapu cha mnunuzi. Kampuni za kusambaza matangazo ndizo zilizokigeuza kuwa kitambulisho cha hadhira.

Kidakuzi hukaa katika kivinjari, si katika mtu. Mtu mwenye kompyuta ya kazini na nyingine ya nyumbani huhesabiwa kuwa wawili, na kaya inayotumia kompyuta moja sebuleni huhesabiwa kuwa mtu mmoja mwenye tabia za ajabu, anayesoma habari za mikopo ya nyumba asubuhi na katuni jioni. Msomaji wa Afrika Mashariki, anayejua jinsi simu moja inavyopita mikononi mwa mama, mtoto na jirani, hahitaji maelezo marefu hapa. Zaidi ya hayo, kidakuzi hufutika. Mwaka 2007 kampuni ya comScore, iliyopima hadhira kwa jopo la watu waliokubali kufuatiliwa, ilitoa matokeo kwamba takriban asilimia 31 ya watumiaji wa kompyuta Marekani walifuta vidakuzi katika muda wa mwezi mmoja, na kwamba hesabu iliyotegemea seva peke yake ingeweza kuzidisha idadi ya wageni hadi mara mbili na nusu. Ni haki kukumbuka kwamba comScore ilikuwa ikiuza njia mbadala. Hata hivyo hoja ya msingi haikukanushika: aliyefuta kidakuzi alirudi kama mgeni mpya, na sifa zote alizopewa awali zilipotea pamoja na kidakuzi hicho.

Jaribio la kukiunganisha kidakuzi na mtu mwenye jina lilifanywa mapema. Mwaka 1999 kampuni ya matangazo ya DoubleClick iliinunua Abacus Direct, iliyohifadhi kumbukumbu za manunuzi ya kaya za Marekani kupitia katalogi za posta. Mpango wa kuunganisha kumbukumbu hizo na nyendo za watu mtandaoni uliamsha upinzani mkali, na Tume ya Biashara ya Shirikisho ilianza uchunguzi. Mwaka 2000 kampuni iliusitisha mpango huo. Tukio hili kwa kawaida husimuliwa kama sura ya historia ya faragha. Kwa historia ya upimaji lina maana nyingine pia: njia ya kuhakikisha kwamba sifa zilizobandikwa kidakuzi ni za kweli ilifungwa kwa muda, wakati biashara ya kuuza sifa hizo ikiendelea kukua. Madalali wa data waliendelea kuuza makundi kama “wanaume” au “wazazi wa watoto wadogo”, yaliyotokana kwa sehemu kubwa na kukisia kutokana na kurasa zilizosomwa, na mnunuzi hakuwa na mizani ya kuyapimia.

Mizani hiyo ilipatikana mwaka 2011, Nielsen ilipoanzisha huduma ya kupima kampeni za mtandaoni kwa kushirikiana na Facebook. Tangazo lilipoonyeshwa, alama iliyofichwa ndani yake iliwasiliana na Facebook, nayo ikarudisha jumla ya umri na jinsia za watu waliolipata bila kutaja majina. Nielsen ilirekebisha jumla hizo kwa kutumia jopo lake. Mnunuzi sasa aliweza kuelezwa ni asilimia ngapi ya matangazo yake yaliwafikia, tuseme, wanawake wa miaka 18 hadi 34. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, kwa kuwa watu walikuwa wameandika wenyewe umri na jinsia zao walipojiandikisha. Lakini shahidi huyu mpya alikuwa pia mwenye duka. Swali la kama Facebook yenyewe ilihesabu watu kwa usahihi halikuweza kujibiwa kwa kuiuliza Facebook.

Jibu la sehemu lilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwezi Septemba 2017 mchambuzi wa masoko ya hisa, Brian Wieser, alilinganisha makadirio ambayo Facebook iliwapa watoa matangazo na takwimu za Ofisi ya Sensa ya Marekani. Facebook ilisema inaweza kuwafikia watu milioni 41 wa umri wa miaka 18 hadi 24. Sensa iliwahesabu takriban milioni 31. Kampuni ilijibu kwamba makadirio yake hayakukusudiwa kulingana na sensa. Jibu hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, lakini halikumfaa mtu aliyepanga bajeti kwa kutegemea takwimu hizo.

Katika mijadala ya miaka hiyo, asilimia ya usahihi mara nyingi ilitajwa peke yake, kana kwamba inajieleza. Haijielezi. Chukuliwe mfano wa kubuni: kundi lengwa ni wanaume, nao ni nusu ya watumiaji wote. Matangazo elfu moja yaliyotawanywa bila kuchagua, kwa dola 2, yatawafikia wanaume takriban 500, yaani 250 kwa kila dola. Yakinunuliwa kwa dola 3 pamoja na data ya dalali, usahihi ukapanda hadi asilimia 60, wanaofikiwa ni 600, yaani 200 kwa kila dola. Usahihi umeongezeka, na mnunuzi amepata hasara. Kwa kundi dogo mambo hugeuka: ikiwa walengwa ni asilimia 5 tu ya watumiaji, hata usahihi wa asilimia 20 ni faida kubwa.

Utafiti wa Nico Neumann, Catherine Tucker na Timothy Whitfield, uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Marketing Science, uliipa hoja hii uthibitisho wa nyanjani. Katika mojawapo ya majaribio yao, vidakuzi vilivyouzwa kuwa vya wanaume vilikuwa vya wanaume kwa wastani wa takriban asilimia 42 tu. Madalali walitofautiana sana wao kwa wao, na watafiti walionyesha kwamba gharama ya ziada ya data mara nyingi ilizidi faida yake, isipokuwa pale nafasi ya tangazo yenyewe ilipokuwa ghali. Hata kabla ya hapo, mwaka 2016, Procter & Gamble ilikuwa imetangaza kwamba ingepunguza ulengaji finyu katika Facebook. Kampuni hiyo ilikuwa imejaribu kuwalenga wenye wanyama wa kufugwa na kaya kubwa kwa ajili ya bidhaa yake ya Febreze, mauzo yakadumaa, kisha yakapanda hadhira ilipopanuliwa.

Mabadiliko yaliyofuata yalitokana na sheria na maamuzi ya watengenezaji wa vifaa. Kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Mwezi Machi 2020 kivinjari cha Safari kilizuia kabisa vidakuzi vya wahusika wa nje, na Aprili 2021 Apple ilizitaka programu za simu ziombe idhini ya mtumiaji kabla ya kumfuatilia. Google, iliyokuwa imeahidi mwaka 2020 kuviondoa vidakuzi hivyo katika Chrome, iliahirisha zaidi ya mara moja, na Julai 2024 ikaachana na mpango wa kuviondoa. Kwa hiyo kampeni moja hupimwa kwa mizani mbili: mtumiaji wa Chrome anaweza kufuatiliwa kwa kidakuzi, na wa Safari hukadiriwa. Makadirio hayo husahihishwa kwa kulinganishwa na majopo, yaani watu waliokubali, kwa malipo madogo, kueleza ni nani aliyeketi mbele ya skrini.