Nywele kavu zina historia yake

Kaa saluni nusu saa tu, utasikia mtu analalamika: "Nywele zangu zinakunywa mafuta kama nini, lakini bado kavu!" Wengi tumekua tukiamini kwamba ukavu ni asili ya nywele za kipilipili. Ni kweli asili inachangia. Ila sehemu kubwa ya ukavu tunaoulalamikia umeletwa na moto na dawa, na habari yake ni ya juzi juzi tu.

Tuanze na unywele wenyewe. Kwa nje umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Juu ya magamba hayo kuna utando wa mafuta ulioshikamana nayo kikemia, ambao hufanya maji yateleze. Magamba yakilala vizuri, maji huingia polepole na kutoka polepole. Yakiinuka au kumeguka, maji huingia haraka na kutoka haraka vilevile. Hali hiyo ya kupitisha maji ndiyo inaitwa porositi. Sasa, nywele za kipilipili zina kona nyingi, kwa hiyo mafuta yanayotoka kichwani hayafiki ncha kirahisi. Ukavu wa asili ndio huo.

Mengine yalianza na moto. Mwanzoni mwa karne ya 20, vitana vya moto vilienea sana kwa wanawake Weusi wa Marekani. Wengi husema kitana hicho kilivumbuliwa na Madam C.J. Walker (1867–1919). Si kweli. Yeye, baada ya nywele zake mwenyewe kunyonyoka, alianza kwa kuuza dawa ya kupaka kichwani, na biashara hiyo ikamtajirisha. Kitana cha moto hulegeza vifungo vya haidrojeni ndani ya unywele. Ukinyeshewa tu, nywele zinajikunja tena. Lakini moto ukizidi, magamba hupasuka, na hayo hayarudi.

Watu wakataka kitu cha kudumu. Wanaume wengi Weusi wa huko walinyoosha nywele kwa mchanganyiko wa viazi, mayai na kostiki soda, ile ile inayotengenezea sabuni. Malcolm X, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1965, alisimulia jinsi kichwa chake kilivyowaka siku ya kwanza, na jinsi baadaye alivyoona aibu kwamba alijitesa hivyo ili afanane na mzungu.

Rilaksa za viwandani zilifuata kemia hiyo hiyo. Dawa ya kostiki ina pH ya zaidi ya 12. Ili ifanye kazi ni lazima unywele uvimbe na magamba yainuke, ndipo ipenye na kuvunja vifungo vya salfa. Ikipita, inaondoka na sehemu ya ule utando wa mafuta. Kwa hiyo nywele za dawa hulowa upesi na kukauka upesi. Dawa zisizo na kostiki zinauma kidogo kuliko hizo, lakini nyingi huacha mabaki ya kalsiamu yanayozidisha ukavu.

Basi tufanyeje? Kwanza, usihangaike na jaribio la kuelea kwenye glasi ya maji. Unywele wenye mafuta huelea hata kama magamba yake yamechakaa. Angalia nywele zako zinavyolowa na zinachukua muda gani kukauka.

Pili, mafuta si maji. Lowesha nywele, paka kondishena, halafu mafuta juu yake ili maji yasikimbie. Hapa bibi zetu wa pwani na mafuta yao ya nazi walikuwa na hoja. Utafiti wa Rele na Mohile wa India, uliochapishwa 2003, ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Ya nazi pekee ndiyo yalipunguza upotevu wa protini, kwa sababu molekuli zake ni ndogo na zimenyooka, zinapenya ndani. Yapake kabla ya kuosha pia.

Tatu, unywele uliokwisha kutoka kichwani hauna uhai. Gamba lililomeguka haliponi, hata dawa iwe ya bei gani. Ukienda kuritachi, mwambie msusi apake kwenye nywele zilizoota tu, asirudie zile za zamani. Na ukiamua kuacha dawa, subiri ziote, ukate ncha kidogo kidogo. Utakachokiona kikiota pale chini ndizo nywele zako, na huenda si kavu kama ulivyoambiwa miaka yote.