Lucca: Ukuta Uliojengewa Vita Visivyofika

Anayeshuka treni Lucca, katika mkoa wa Toscana nchini Italia, haupati mji mara moja. Kwanza anakutana na ukuta wa matofali mekundu, kimo chake mita 12 hivi, umeuzingira mji mkongwe kwa zaidi ya kilomita 4 bila kukatika. Juu yake imepangwa miti mikubwa, na chini ya kivuli chake watu wanatembea, wanaendesha baiskeli, wazee wanapiga soga. Ukifika, usikimbilie makanisa. Panda ukutani kwanza, uzunguke wote, maana historia ya Lucca inasomeka vizuri zaidi kutoka huko juu.

Warumi walianzisha makazi hapa mwaka 180 kabla ya Kristo. Uwanja wao wa michezo ulipochakaa, watu wa karne zilizofuata walijenga nyumba juu ya magofu yake, na mpaka leo kiwanja kilichopo kati ya nyumba hizo kina umbo la yai. Katika zama za kati mji ulitajirika kwa hariri. Mnara wa familia ya Guinigi, wenye mialoni iliyoota kileleni, ni kumbukumbu ya matajiri wa enzi hiyo.

Kuta za zamani zilikuwa ndefu na nyembamba, na zilitosha kwa adui mwenye mishale na ngazi. Mwaka 1494 mfalme Charles VIII wa Ufaransa aliingia Italia na mizinga, na kila mji ukaona kwamba kuta za namna hiyo hazimkingi mtu. Lucca ilikuwa jamhuri ndogo, na jirani yake Florence alikuwa akipigana kuirudisha Pisa chini yake. Mwaka 1504 kazi ikaanza; ilikamilika katikati ya karne ya 17. Waliochimba msingi hawakuuona mwisho wake, wala wajukuu wao.

Ufundi wake ni wa kustaajabisha. Chini ukuta una upana wa mita 30 hivi, na ndani umeshindiliwa udongo ili risasi ya mzinga izame badala ya kupasua. Buruji 11 zimechomoza nje, kila moja ikiulinda ubavu wa mwenzake, adui asipate pa kujificha. Miti nayo ilikuwa na kazi: mizizi yake iliushika udongo. Aliyewahi kufika Fort Jesus ya Mombasa ataitambua elimu hiyo. Ngome ile ilichorwa na Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, na ujenzi wake ulianza mwaka 1593, mwaka uleule lilipojengwa lango la Santa Maria la Lucca.

Ila majaliwa hayakufanana. Fort Jesus ilipiganiwa na kubadili mikono mara nyingi. Mzingiro wa mwaka 1696 hadi 1698 peke yake uliua watu wasiohesabika kwa njaa na maradhi. Ukuta wa Lucca haukushambuliwa na jeshi lolote. Jamhuri ile ilijua kusema na wakubwa, na ilijua kulipa: tangu mwaka 1369 ilikuwa imejikomboa kutoka kwa Pisa kwa kumlipa Kaizari Charles IV. Siena, jamhuri mwenzake, ilianguka mwaka 1555. Lucca ilisimama hadi Wafaransa walipoingia mwaka 1799, na hata hapo ukuta haukupigania kitu.

Adui pekee aliyeugonga alikuwa maji. Novemba 1812 mto Serchio ulifurika, malango yakafungwa na kuzibwa, na mji ukabaki mkavu katikati ya bahari ya tope. Elisa, dada yake Napoleon aliyekuwa akiutawala mji, alikuwa nje. Ilibidi apandishwe juu ya ukuta kwa mashine ya kunyanyulia mizigo. Miaka michache baadaye mtawala mpya, Maria Luisa wa Bourbon, aliugeuza ukuta kuwa mahali pa matembezi, na kwangu huo ni uamuzi wa busara kuliko vita vyote ambavyo ungeweza kushinda.

Florence, yule jirani aliyeogopwa, ilipofanywa mji mkuu wa Italia mwaka 1865, ilibomoa sehemu kubwa ya kuta zake yenyewe kupisha barabara pana. Lucca haikubomoa. Watu walikuwa wamekwisha kuzoea kwenda huko juu jioni.