Pensheni Huvuka Bahari, Kadi ya Matibabu Hubaki

Mkanada akianza kuzungumzia kwenda kuzeekea Thailand, huanza na bei. Kodi ya chumba kimoja Chiang Mai, sahani ya wali na samaki Hua Hin, nauli ya bodaboda, mtu wa kufua na kupiga pasi. Kisha huweka pembeni kodi ya nyumba ya Vancouver au Toronto, na mazungumzo huwa yameisha. Hesabu yake si ya uongo. Ila mimi nasomea historia ya sera za jamii, na kazi yangu imenizoesha kuuliza swali lisilopendwa kwenye meza za watu: mpango huu uliwezekana tangu lini, na kwa sheria ya nani? Ukiuliza hivyo, bei ya samaki inageuka kuwa sehemu ndogo kabisa ya habari.

Tuanzie mbali kidogo. Mwanzoni mwa 1926 waziri mkuu wa Kanada, William Lyon Mackenzie King, aliongoza serikali isiyo na wingi bungeni. Wabunge wawili wa upande wa wafanyakazi, J. S. Woodsworth na A. A. Heaps, walimwandikia barua kumuuliza kama yuko tayari kuleta sheria ya pensheni ya wazee. Kura zao alizihitaji, kwa hiyo alikuwa tayari. Sheria ilipita 1927. Ilitoa dola zisizozidi 20 kwa mwezi, kwa mtu aliyefikisha miaka 70, raia wa himaya ya Uingereza, aliyekaa Kanada miaka 20, na aliyekubali kupekuliwa ili athibitishe ufukara wake. Wenyeji wa asili wa nchi hiyo waliachwa nje kwa maandishi. Yaani watu ambao babu zao walikuwa pale kabla ya Kanada yenyewe hawakuhesabiwa kuwa wamekaa vya kutosha.

Ishike hiyo miaka 20. Itarudi.

Mwaka 1952 upekuzi ukaondolewa: kila mzee wa miaka 70 aliyetimiza sharti la ukaazi alipata dola 40 kwa mwezi, tajiri na maskini sawa. Kuanzia 1966 umri ukashushwa mwaka mmoja mmoja hadi kufika 65 mwaka 1970. Mwaka huo huo wa 1966 ulianza mfuko wa pensheni unaochangiwa na mfanyakazi na mwajiri, na 1967 ikaja nyongeza kwa wazee wenye kipato kidogo. Halafu 1977 bunge likaandika hesabu inayotumika mpaka leo. Ukikaa Kanada miaka 40 baada ya kutimiza 18, unapata pensheni ya uzee nzima. Ukikaa pungufu, unapata sehemu, mradi usiwe chini ya miaka 10. Na kama unataka kuipokea ukiwa unaishi nje ya nchi, uwe umekaa angalau 20 kabla ya kuondoka. Ukitimiza hiyo, fedha zitakufuata hadi Phuket, na zitaendelea kupandishwa kadiri bei za Kanada zinavyopanda, hata kama wewe huijui tena bei ya maziwa ya huko.

Matibabu yalipitia njia nyingine. Jimbo la Saskatchewan lilianzisha bima ya matibabu kwa wote Julai 1962, na madaktari wakagoma siku 23. Serikali kuu ikaiga kwa sheria ya 1966, na kufikia 1972 majimbo na maeneo yote yalikuwa yameingia. Lakini iliyoingia ni majimbo. Kadi ya matibabu hutolewa na jimbo, na jimbo linataka kukuona. Ontario inadai uwepo ndani ya jimbo angalau siku 153 katika kila miezi 12; ukizidisha siku 212 nje, kwa kawaida kadi yako inakosa nguvu, haijalishi ulilipa kodi miaka mingapi.

Kiswahili chetu kinaweza kuibana historia yote hiyo ndani ya viambishi viwili. Pensheni ni ya a*li*yeishi Kanada. Matibabu ni ya a*na*yeishi Kanada. Sheria mbili za kizazi kimoja, zilizotungwa na watu wa mawazo yaleyale, zikagawana wakati uliopita na wakati uliopo. Anayepanga kustaafu Thailand anapanga kuishi katika mwanya huo, hata kama mwenyewe anadhani anapanga kuishi ufukweni.

Ndiyo maana kwa miongo mingi wazee wa Kanada walikwenda Florida, wakahesabu siku kama wafungwa, na kurudi theluji ilipoyeyuka. Florida ni karibu. Thailand si mahali pa kukimbilia na kurudi kirahisi; hata ndege ya moja kwa moja kati ya Vancouver na Bangkok ilianza Desemba 2022 tu, tena kwa msimu. Anayekwenda Thailand huwa anakwenda kweli.

Na Thailand nayo haikuwa imekaa tu ikingoja wageni. Vita vya Vietnam viliwaleta wanajeshi wa Marekani katika kambi kama U-Tapao, na kijiji cha wavuvi kilichoitwa Pattaya kikajifunza kuwalisha, kuwalaza na kuwaburudisha. Wanajeshi walipoondoka katikati ya miaka ya 1970, vitanda vilibaki. Lakini tarehe ninayoiona kuwa muhimu zaidi ni 2 Julai 1997. Kabla ya siku hiyo dola moja ya Marekani ilikuwa kama baht 25. Serikali ikaiachia sarafu, na Januari iliyofuata dola ilikuwa imevuka baht 50. Kwa Mthai mwenye deni la dola hilo lilikuwa janga: viwanda vilifungwa, majengo yakabaki maghofu ya zege, mengine yalionekana Bangkok miaka mingi baadaye. Kwa mgeni anayelipwa kwa fedha za nje, karibu kila kitu kilikuwa kimeshuka kwa nusu. Hospitali ya Bumrungrad, iliyofunguliwa 1980, ilijikuta na wagonjwa wa ndani wasio na fedha, ikageukia wagonjwa wa kigeni na kufanikiwa sana. Unafuu ambao mstaafu anausifu mezani ulianzia kwenye kufilisika kwa mtu mwingine, na sioni kwa nini kuutaja iwe ni kumkosea adabu.

Sasa masharti. Viza ya kustaafu inamtaka mgeni awe na miaka 50, na awe na baht 800,000 benki ya Thailand au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Chukua karatasi tupige hesabu. Mwaka 2025 pensheni ya uzee iliyo kamili, kwa mtu wa miaka 65, ilikuwa kama dola 727 za Kanada kwa mwezi. Mfuko wa uchangiaji, kwa aliyechangia kiwango cha juu kabisa maisha yake yote ya kazi, ulitoa 1,433. Jumla ni 2,160. Kwa baht 24 kwa dola, hiyo ni karibu baht 52,000. Haifiki. Mkanada aliyetimiza kila kitu nchi yake ilichomwomba, miaka 40 ya ukaazi na michango isiyo na pengo, hapiti mlango wa Thailand kwa pensheni za umma peke yake. Lazima awe na pensheni ya mwajiri, au akiba binafsi, au nyumba ya kuuza ili zipatikane zile 800,000.

Na mlango wenyewe unasogea. Miaka ya mwanzo ya 2010 dola ya Kanada ilinunua baht 30 hivi. Kipato cha dola 2,200 kilitosha. Kufikia 2020 ilinunua kama 23, na baht 65,000 zilezile zikahitaji dola zaidi ya 2,800. Hakuna aliyebadilisha sheria. Bei ya mafuta ya petroli ilianguka, sarafu ya Kanada ikaanguka nayo.

Hapo ndipo nyongeza ya 1967 inapouma. Ilitungwa kwa ajili ya wazee maskini kabisa, wale ambao kodi ya Toronto inawamaliza. Kama kuna watu ambao unafuu wa Chiang Mai ungewaokoa, ni hao. Lakini nyongeza hiyo hailipwi kwa mtu aliyekaa nje ya Kanada zaidi ya miezi sita, awe amekaa nchini miaka 20 au 60. Unaweza kuitetea: ni fedha za kumwezesha mtu kumudu bei za Kanada. Naielewa hoja, na bado naona kwamba sheria imewapa uhuru wa kuondoka wale tu ambao hawakulazimika kuondoka.

Baba yangu mdogo, aliyehamia Winnipeg mwaka 2008 akiwa na miaka 48, hana mpango na Thailand. Anataka Moshi. Nilipomweleza sheria hizi kwa simu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo unayosoma chuoni mimi nimeibandika jikoni." Alifikisha 65 mwaka 2025 akiwa na miaka 17 ya ukaazi, yaani sehemu 17 kati ya 40. Nchi kadhaa zina mkataba na Kanada unaoruhusu miaka ya huku na kule kujumlishwa ili kufikia 20. Tanzania haimo, na Thailand haimo. Kwa hiyo anapakia maboksi ghalani hadi 2028. "Shikamoo baba," nilisema nikitaka kuaga. "Marahaba. Soma hayo makaratasi vizuri, usije ukanikatia mwaka mmoja."

Neno la Wathai kwa mzungu ni *farang*, lililotoka kwa Wafranki kupitia Kiajemi; ni ndugu wa mbali wa Ufaransa yetu. Farang anaruhusiwa mengi, ila huruma haimo kwenye sheria. Kila siku 90 anaripoti anwani yake kwa uhamiaji. Ardhi hamiliki, kwa sheria ya 1954. Anaweza kununua ghorofani, mradi wageni wasipite asilimia 49 ya jengo, au kupanga ardhi kwa miaka isiyozidi 30. Tangu 2024, akikaa siku 180 kwa mwaka, fedha anazoingiza kutoka nje zinaweza kutozwa kodi hata kama alizipata mwaka mwingine. Jirani yake Mwingereza ana taabu zaidi: pensheni ya serikali ya Uingereza huganda pale ilipokuwa siku alipohamia Thailand, na haipandi tena.

Tatizo la matibabu ndilo linalobaki. Mwaka 2002 Thailand ilipitisha sheria ya huduma ya afya kwa wote, ule mpango uliojulikana kwa malipo yake ya baht 30 kwa kila ziara ya hospitali. Ni moja ya mipango inayosifiwa zaidi katika nchi za kipato cha kati. Ni kwa ajili ya Wathai. Oktoba 2019 serikali ikaanza kudai bima ya afya kwa wenye aina mojawapo ya viza za kustaafu, baada ya hospitali za umma kulalamika kwa miaka juu ya wageni wasiolipa. Kwa hiyo Mkanada wa Hua Hin anaishi kati ya mifumo miwili ya umma ambayo dunia inakuja kujifunza kwayo, na hayumo katika wowote. Anachobaki nacho ni bima binafsi, na kampuni nyingi hazipokei mteja mpya aliyevuka miaka 70 au 75, au humpokea na kumtenga na ugonjwa ule ule alio nao.

Anaweza kurudi, bila shaka. Uraia haukauki. Atapanda ndege Bangkok, labda na miaka 80, labda na moyo uliochoka, na kushuka Vancouver, katika jimbo la British Columbia. Huko, anayerejea kuwa mkaazi husubiri sehemu iliyobaki ya mwezi aliofika, kisha miezi miwili mizima, ndipo kadi ianze kufanya kazi.