piRNA

piRNA ni molekuli fupi za RNA, zenye nukleotidi 24 hadi 31 hivi, zinazolinda uzazi wa wanyama. Katika korodani na ovari hushikamana na protini za Piwi ili kuzima transposoni, yaani vipande vya DNA vinavyojipachika ovyo kwenye jenomu. piRNA hutambua RNA ya transposoni, Piwi huikata.

Mwaka 2006 makundi kadhaa ya watafiti yalizieleza katika korodani za panya. Panya dume asiye na Miwi, mojawapo ya protini za Piwi za panya, ni tasa; jike huzaa, jambo lililowapotosha wengi wakadhani majike hawahitaji piRNA, lakini mwaka 2021 ilithibitika kuwa hamsta jike huzihitaji ili kuzaa. Nje ya mamalia, Anopheles gambiae, mbu aenezaye malaria Rwanda na kwingineko Afrika, naye ana piRNA, na anastahili kuchunguzwa zaidi.